Uso na Jina Lake: JR, kutoka Kuta za Paris hadi Mapaa ya Kibera

Katika miaka ya tisini mgeni mmoja alisimama mwisho wa kichochoro chetu hapa Lamu, akainua kamera yenye lenzi ndefu kama mtutu, akampiga picha shangazi yangu aliyekuwa ameketi dakani akichambua mchele. Hakuomba ruhusa wala hakusogea. Alikuwa mbali hata shangazi hakujua kuwa amepigwa. Tulikuja kujua baada ya miaka miwili, pale binamu yangu alipoikuta sura yake ikiuzwa katika duka la vitu vya watalii: kadi ya posta, yeye na ungo wake, na mlango wa nakshi nyuma yake. Chini ya picha paliandikwa kwa Kiingereza kuwa huyu ni mwanamke wa Kiswahili mlangoni pake. Shangazi alikuwa na jina, na nasaba ya kuhesabika hadi Pate, na nyimbo za arusi alizozitunga mwenyewe ambazo hadi leo zaimbwa na watu wasiojua kuwa ni zake. Kadi haikusema lolote katika hayo.

Nimeikumbuka kadi hiyo mara nyingi nikizifuatilia kazi za msanii Mfaransa ajiitaye JR, ambaye mnamo Januari 2009 alizitandaza nyuso na macho ya wanawake juu ya mapaa ya Kibera, Nairobi. Naona wapenzi wa mashairi wanayo sababu yao ya kumjua msanii huyu, ijapokuwa hakutunga shairi hata moja. Kazi yake ya zaidi ya miaka ishirini imelizunguka jambo ambalo watunzi wetu waliliamua zamani kwa njia yao: mtu akishatiwa ndani ya sanaa, abakie na nini, uso au jina?

Sisi wa visiwa hivi twamjua Mwana Kupona binti Mshamu kwa jina, kwa mji, kwa mumewe Bwana Mataka wa Siu, na kwa utendi aliomtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858. Uso wake haukuchorwa, wala hapana aliye hai aliyeuona. Jina lipo, uso haupo, na hapana aliyewahi kulalamika. Shangazi yangu kwenye kadi ile ni kinyume chake: uso upo, jina limetupwa. Kati ya wanawake hawa wawili ndipo ningependa kuipima safari ya JR.

Alizaliwa Paris mwaka 1983, katika familia yenye asili ya Tunisia upande mmoja na ya Ulaya Mashariki upande wa pili. Herufi mbili anazojiitia ni za mwanzo wa jina lake, na hadharani haonekani ila kwa kofia na miwani ya jua. Mtu aliyezifunua nyuso za maelfu ya watu amejifunika wake, na watu wamemsamehe kichekesho hicho kwa kuwa chanzo chake chafahamika: mwanzoni alijificha polisi. Alikuwa kijana wa grafiti. Kiswahili hakijapata neno lake lenyewe la sanaa hiyo, na vijana wa Nairobi wameshaamua kusema grafiti, basi nasi tuseme hivyo.

Msomaji asiyeijua asidhani kuwa ni uchoraji wa maua na ndege. Mwandishi wa grafiti huandika jina, tena jina la kubuni, na sanaa yake yote ni kulirudia jina hilo mahali pagumu kufikika: juu ya paa, ndani ya mahandaki ya treni, kwenye ukuta ambao askari wapita kila saa. Ni majigambo, na asiyejua majigambo ni nini na asome washairi wetu wa zamani walivyojibizana. JR alijiandika Face 3, yaani Uso wa Tatu. Wakati huo hakuwa na haja na uso wa mtu mwingine yeyote.

Kuandika ukutani bila idhini, kwa hakika, si jambo la jana wala la Ulaya peke yake. Askari wa Kireno waliolinda Ngome ya Yesu, Mombasa, waliacha ukutani michoro ya merikebu, na watu bado huenda kuitazama. Katika kuta za chokaa za magofu ya pwani hii mna majahazi yaliyokwaruzwa kwa ncha ya kitu kikali na watu ambao majina yao hatunayo. Aliyechora jahazi juu ya chokaa ya nyumba ya mwenyewe yawezekana alipigwa viboko kwa kuharibu ukuta. Leo serikali yaulinda ukuta kwa ajili ya mchoro.

Karibu na mwaka 2000 JR aliokota kamera katika treni ya chini ya ardhi ya Paris. Ilikuwa kamera ndogo, ya bei ndogo, iliyosahauliwa na mwenyewe. Akaanza kuwapiga picha rafiki zake wakipanda mapaa na kuandika usiku, kisha akazitoa nakala kwa mashine ya fotokopi, akazibandika ukutani kwa gundi. Kuizunguka kila nakala alipaka fremu kwa rangi na kuandika kuwa haya ni maonyesho ya mtaani, ili mpita njia asizichanganye na matangazo ya biashara. Fremu ile ilikuwa kitu kidogo, nami naiona kuwa ndiyo mwanzo wa kazi yake hasa. Hadi hapo ukuta ulikuwa mahali pa jina lake. Kwa fremu ile ukawa mahali pa watu wengine, na yeye akawa mwenye nyumba anayekaribisha wageni.

Mwaka 2004, pamoja na rafiki yake Ladj Ly, aliwapiga picha vijana wa maghorofa ya Les Bosquets huko Montfermeil, kiungani mwa Paris, mahali palipojaa wahamiaji kutoka Afrika na watoto wao waliozaliwa Ufaransa. Picha kubwa wakazibandika palepale kwenye kuta za maghorofa bila idhini ya mtu. Iliyovuma zaidi ni ya Ladj Ly mwenyewe, ameshika kamera ya video kama ashikavyo bunduki, na mtazamaji huhitaji dakika nzima kutambua kuwa si bunduki. Tarehe 27 Oktoba 2005, katika mji jirani wa Clichy-sous-Bois, vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, walikufa kwa umeme walipojificha polisi ndani ya kituo cha umeme, na ghasia zilizofuata zilienea nchi nzima kwa wiki tatu. Wapiga picha wa magazeti na televisheni wakaja Les Bosquets na lenzi zao ndefu, wakasimama mbali, wakapiga magari yanayowaka. Nyuma ya moto huo, katika picha zao wenyewe, zilionekana nyuso ambazo JR alikuwa amezibandika mwaka uliotangulia.

Alirudi kwa vijana wale, na safari hii akatumia lenzi ya milimita 28. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili la kiufundi ndilo lililonifungulia mlango. Lenzi ndefu huvuta kilicho mbali. Ndiyo iliyomchukua shangazi yangu bila habari yake. Lenzi ya milimita 28 huona upana. Ili uso wa mtu uijaze picha, mpigaji hana budi kusogea hadi ahisi pumzi ya mwenzake, shubiri moja au mbili kutoka puani. Hapigwi mtu picha hiyo asijue. Akikataa, picha hakuna. Vijana walikubali, tena wakayakunja makusudi yale majina mabaya waliyopewa na nchi: wakatoa macho, wakatoa meno, wakajifanya majini ambayo Paris ilikuwa ikiyaogopa. Mwaka 2006 nyuso hizo zikabandikwa katika mitaa ya wenye mali ya Paris, na chini ya kila uso jina, umri, na hata namba ya jengo analokaa mwenyewe. Anayeogopa na abishe hodi! Baadaye Jumba la Jiji la Paris likazipokea ukutani mwake, na lililokuwa kosa likawa maonyesho.

Katika miaka yake yote ya kazi, naona kuwa mwaka huo wa 2006 ndio mizani yake ilipokaa sawa. Uso ulikuwepo, jina lilikuwepo, na umbali ulikuwa wa shubiri.

Mwaka 2007, pamoja na mwenzake Marco, alikwenda Palestina na Israeli, akawapiga picha watu wa kazi moja wa pande mbili, dereva wa teksi na dereva wa teksi, kasisi na shehe na rabi, akazibandika ubavu kwa ubavu katika miji minane na pande zote mbili za ukuta unaotenganisha. Wapita njia waliulizwa ni yupi wa upande upi, na wengi hawakuweza kusema. Kazi hiyo imesifiwa kupita nyingine zake. Mimi yanigusa kidogo tu. Kwamba madereva wawili wafanana hilo twalijua, na ukuta ungali umesimama.

Kisha akageukia wanawake. Aliona kuwa katika miji aliyopita mitaa ni ya wanaume, na nyumba zasimama kwa sababu ya wanawake. Akaanza mfululizo aliouita kwa Kiingereza jina lenye maana ya Wanawake ni Mashujaa, akapita Sierra Leone na Liberia, Brazili, India na Kambodia, na Kenya. Huko Rio de Janeiro mwaka 2008, katika mtaa wa mlimani wa Morro da Providência, vijana watatu walikuwa wamekamatwa na askari wa jeshi na kukabidhiwa genge la mtaa wa hasimu, wakauawa. JR alizibandika nyuso za wanawake wa mtaa huo juu ya ngazi na kuta za nyumba zinazoelekea mjini, mlima mzima ukawa na macho yanayoutazama mji uliokuwa umeyafumba yake.

Nikiwa mfasiri, nilipojaribu kulihamisha jina la mfululizo huo nilikwama kwenye neno la mwisho. Shujaa wetu katika tenzi ni mwenye upanga. Katika Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate karibu miaka mia tatu iliyopita, ushujaa ni wa uwanja wa vita na vumbi la farasi. Mwanamke aliyezika mwana na kesho yake akawasha moto kuwapikia waliobaki hatuna neno lake moja. Twasema mvumilivu, twasema mama. Nililiacha neno mashujaa mahali pake, na hadi leo sina raha nalo.

Sasa Kibera. Jina lenyewe ni la Kinubi, lina maana ya msitu, na waliopewa ardhi hiyo walikuwa askari wa asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Mwingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Reli itokayo Mombasa kwenda Uganda yapita katikati yake, na watu wametandaza biashara zao hadi kandokando ya mataruma. Waandishi wa kigeni walizoea kusema kuwa hapo wanaishi watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070, na waliokuwa wakiishi kwa ile milioni hawakuipenda hesabu hiyo. Mwisho wa Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa, Kenya iliwaka. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha kabla ya mapatano ya Februari 2008. Katika Kibera nyumba na maduka yaliteketezwa, na reli yenyewe iling'olewa.

Lakini kabla JR hajafika, Kibera ilikuwa na mwandishi wake wa ukutani. Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, wa kundi la Maasai Mbili lililoanzishwa na wachoraji wa vibao vya maduka, alipita na brashi yake wakati wa ghasia, akaandika kwenye kuta na vibanda maneno ya kuwasihi Wakenya watunze amani. Moja lilikuwa la mzaha mchungu: liliigiza bango la polisi la kumsaka mhalifu, likisema kuwa amani inatafutwa, tena ikiwa hai. Aliandika maneno yale huku watu wakipita na mapanga. Huyo kwangu ni mshairi, na kama jarida hili litapata mtu wa kumwandikia makala yake peke yake nitafurahi. Namtaja hapa kwa sababu habari za kigeni kuhusu mapaa ya Kibera aghalabu huanza kana kwamba hapakuwa na alama yoyote juu ya ukuta wowote hadi Mfaransa alipowasili.

Alichokifanya JR mnamo Januari 2009 kilikuwa hiki. Aliwapiga wanawake wa Kibera picha kwa lenzi ileile ya karibu, baada ya kukaa nao na kusikiliza yaliyowafika. Picha hazikuchapwa kwa karatasi. Zilichapwa juu ya turubai la plastiki lisilopenyeza maji, kwa kuwa wenyewe walikuwa na haja ya kuziba mapaa. Bati la kuukuu latoboka kutu, na masika yakija maji huingia hadi kitandani. Mita za mraba zipatazo 2,000 za mapaa zikafunikwa kwa nyuso na macho, na nyingi ya picha zilikaa juu ya nyumba za wanawake haohao waliopigwa. Aliye chini barabarani alikuwa haoni kitu. Aliye juu ya tuta, au ndani ya ndege, aliona macho yakimtazama.

Treni nayo ilibandikwa. Juu ya mabehewa yalitiwa macho ya wanawake, na kwenye mteremko wa tuta, chini ya njia ya reli, zikapangwa karatasi za bati zenye nusu ya chini ya nyuso: pua, mdomo, kidevu. Treni ilipopita, kwa kitambo cha kupepesa jicho, macho yalikutana na midomo yake, uso ukakamilika, kisha treni ikaenda zake. Yeyote aliyewahi kuhesabu mizani anaujua utamu huo, kipande na kibwagizo kupatana mahali pamoja kisha kuachana. Reli iliyong'olewa mwaka mmoja kabla ndiyo iliyochukuliwa kuwa uzi wa kuzishonea nyuso hizo. JR huenda hakulifikiria hilo kwa namna hii, ila mwenye kutazama ana haki yake.

Sisi tuliolelewa na methali isemayo uso umeumbwa na haya, twaweza kuuliza: je, macho ya mama wa watu kupandishwa juu ya paa na juu ya behewa ni heshima hiyo? Nimelijadili na wenzangu barazani, na mmoja alisema wazi kuwa ni fedheha. Simkubalii, na sababu yangu ni lile turubai. Shangazi yangu alichukuliwa sura yake pasi na yeye kujua, akaipata mgeni, akaiuza. Hawa waliombwa, wakaulizwa na wao wanataka nini, wakasema paa. Sura yao ikarudi nyumbani kwao kuwakinga na mvua. Kwetu pia sanaa iliyopendwa ilikuwa na kazi ya kufanya, kubembeleza mtoto, kutweka tanga, kumwosha bwana arusi. Picha inayozuia maji siioni kuwa ngeni.

Deni, hata hivyo, lipo. Juu ya mapaa ya Kibera palikuwa na nyuso pasipo majina. Vijana wa Montfermeil waliandikiwa jina, umri na jengo. Mama wa Kibera, aliye juu ya nyumba yake mwenyewe, hakuandikiwa. Wapo watakaosema kuwa katika kitabu na katika filamu iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010 wanawake wanasimulia habari zao kwa vinywa vyao. Ni kweli, na ni vyema. Lakini picha iliyozunguka dunia ni ile ya mapaa kutoka juu, na nakala zake zauzwa na majumba ya sanaa kwa jina la JR, mji, na mwaka. JR ameshikilia msimamo wa kutopokea fedha za makampuni yanayotaka kubandika nembo zao kwenye kazi zake. Huuza nakala, na kwa fedha hizo huilipia kazi inayofuata. Naukubali uaminifu wake, na najua pia kuwa alisaidia kuanzisha nyumba ya utamaduni kwa ajili ya watoto huko Morro da Providência. Ila mtu anunuaye picha ya paa na kuitundika sebuleni kwake, huko aliko, ananunua kitu kinachokaribia mno kadi ya posta.

Yamkini yeye mwenyewe aliliona hilo, kwa maana yaliyofuata yaliyageuza mambo. Mwaka 2011 alipata tuzo ya TED ya dola 100,000, akaanzisha mradi ambao ndani yake mpigaji picha si yeye tena: watu hupiga picha zao, huzituma, hurudishiwa mabango makubwa, na kuyabandika wapendapo. Mamia ya maelfu ya watu wameshiriki. Tunisia, nchi ya asili ya nusu ya ukoo wake, ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Rais Ben Ali alikuwa amekimbia Januari 2011, na mahali palipozoea sura yake moja vijana walibandika sura za raia wa kawaida. Baadhi ya watu walizichana. Walikuwa wamechoka na sura ukutani, za yeyote yule. Huo nao ni uhakiki wa sanaa, na wahakiki wengi wa vitabu hawajapata kuwa wazi hivyo.

Umaarufu ukampeleka kwenye piramidi ya kioo ya Louvre, mara ya kwanza 2016, mara ya pili Machi 2019, ambapo watu 400 wa kujitolea walibandika vipande 2,000 vya karatasi uani pake, na nyayo za wageni zikavipasua kabla ya siku kwisha. Yalikuwa mazingaombwe ya macho, ya kupendeza, na hayakuwa na uso wa mtu ndani yake. Nayapita.

Kazi ninayoirudia ni filamu aliyoifanya na Agnès Varda, iliyotoka 2017, wakati bibi huyo alikuwa anakaribia miaka 90. Alifariki Machi 2019. Walizunguka vijiji vya Ufaransa katika gari lililotengenezwa kama kamera kubwa, wakiwapiga picha watu wa kazi za mikono na kuwabandika kwenye kuta zao. Mambo mawili yamenikaa. Katika kijiji cha Bonnieux walimpiga mhudumu wa mkahawa, mama kijana mwenye mwavuli, wakamweka ukutani akiwa mkubwa kama nyumba. Watalii wakaanza kuja kujipiga picha na picha yake. Alipoulizwa alikiri kuwa ana haya, na kwamba kutazamwa namna ile hakumpi raha. Uso umeumbwa na haya hata Ufaransa, basi. Filamu haikuyakata maneno yake.

La pili ni la bahari. Huko pwani ya Normandy lipo boma la zege la Wajerumani la wakati wa vita, limeporomoka kutoka jabali hadi ufukweni, limesimama kwa pembe. Walibandika juu yake picha ya kijana aliyekuwa rafiki wa Varda tangu zamani, ambaye alikwisha kufa, wakamlaza kwa namna ambayo alionekana kama mtoto ndani ya susu. Walifanya haraka kwa kuhofia maji kujaa. Asubuhi ya pili walirudi, boma lilikuwa jeupe. Maji yalikuwa yamejaa usiku na kumchukua. Mtu wa Lamu angewaambia hivyo tangu jioni, ila sidhani kuwa wangeacha kubandika.

Kitabu cha picha za wanawake niliazimwa na rafiki mwaka 2011, nikampelekea shangazi. Macho yake yalikuwa bado yaona. Alikitazama polepole, akageuza kurasa kwa ncha za vidole ili asizichafue, na alipofika Kibera akasimama. Nilimweleza habari ya turubai na ya treni. Nilitarajia aseme jambo kuhusu kadi yake ya posta, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa nikiifikiria, hakuitaja.

“Na masika yalipokuja, mwanangu,” akaniuliza, “hayakuvuja?”

Nikamwambia ndiyo sababu walizikubali picha, shangazi, zizibe mapaa.

Aliutazama ukurasa tena kwa muda. Kisha akanirudishia kitabu, akauvuta ungo.